Zege Haliongezi Maji: Usangu na Siasa ya Kukata Utepe

Makamanda, leo naomba tuziweke pembeni habari za nani kaenguliwa na nani kahama chama. Tuongee maji. Najua maji hayana kiki. Ukiandika habari za mfereji unapata laiki tatu, na mtu mmoja anakuuliza umeajiriwa wizarani lini. Lakini kama kuna mahali ambapo Serikali hii inatupiga changa la macho mchana kweupe, mwaka hadi mwaka, huku sisi tumeshika simu tunabishana mambo mengine, ni kwenye maji ya umwagiliaji.

Kila msimu wa bajeti chawa wanatumwagia namba. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 ikaruka hadi Sh bilioni 954 mwaka 2022/23, na umwagiliaji ukapewa fungu nono kuliko ulivyozoea. Zikafuata picha: makatapila, waziri na kofia ya ujenzi, zege bichi, utepe na mkasi. "Anaupiga mwingi!" Sawa. Mimi sibishi kwamba hela imetoka. Nina swali moja tu ambalo sijasikia likijibiwa kwenye uzinduzi wowote: hayo maji yanatoka kwa nani?

Ukiuliza hivyo unarushiwa namba nyingine. Eti Tanzania ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji. Hii namba imeimbwa bungeni mpaka imekuwa kama wimbo wa taifa. Asili yake ni Mpango Kabambe wa Umwagiliaji wa mwaka 2002. Wanachokiruka ni maelezo ya mpango huohuo: kati ya hizo milioni 29.4, zenye uwezekano mkubwa ni milioni 2.3 tu. Za uwezekano wa kati ni milioni 4.8. Zilizobaki, zaidi ya milioni 22, uwezekano wake ni mdogo. Yaani karibu robo tatu ya hiyo namba tunayotambiwa nayo ni ardhi ambayo wataalamu wenyewe wameiweka kundi la mwisho. Huko ni kuhesabu mashamba bila kuhesabu mito.

Na hapa ndipo nilipo. Zege haliongezi hata tone moja mtoni. Zege linahamisha maji kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Serikali inayojenga mabanio na kukwepa kazi ya kugawa maji inachagua nani avune na nani akauke, halafu inajifanya ni Mungu ndiye aliyepanga. Ushahidi hauko mbali. Uko Usangu.

Kwa asiyepajua: Usangu ni bonde tambarare, sehemu kubwa iko Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Ni ile nyanda unayoiona ukipita barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, Igawa, Chimala, Igurusi, na inazama ndani hadi Rujewa na Ubaruku. Mchele mnaoita "wa Mbeya" pale Tandale na Manzese, mwingi unatoka huku. Sasa, bondeni penyewe ni pakavu. Mvua ya kusuasua, milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka, yote imebanwa kwenye miezi michache. Utajiri unatoka juu, milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mvua inapiga mara mbili ya hapo na zaidi. Kutoka huko inashuka mito: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera, na Ruaha Mkuu wenyewe. Inakwenda kutua kwenye kinamasi cha Ihefu.

Ihefu ielewe kama beseni. Likijaa, maji yanapita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama na Ruaha unaendelea na safari: Hifadhi ya Ruaha, Bwawa la Mtera, Kidatu, halafu Rufiji na lile bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Beseni likishuka chini ya kizingiti, mchezo umekwisha. Chini mto unakatika kabisa, hata kama juu kuna watoto wanaogelea mferejini.

Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi. Ni mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima. Viboko wanabanana kwenye madimbwi, samaki wanaoza, tembo wanachimba mchanga kutafuta maji. Hii siyo siri, na wala haijagunduliwa na upinzani. Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alisimama London kwenye mkutano wa maandalizi ya Rio+10 akaahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. (Ndiyo, Sumaye huyuhuyu tuliyempokea kwa vigelegele 2015, na 2020 akarudi alikotoka. Tusijifanye hatumfahamu.) 2010 ikapita. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, ambaye baadaye ndiye akawa Rais, akaunda kikosi kazi cha kitaifa cha kuuokoa Ruaha. Mto haukusoma hadidu za rejea.

Kati ya ahadi na ahadi kuna kazi moja iliyofanywa kwa bidii kweli kweli: kutafuta wa kumlaumu.

Kumbukeni 2006. Wengine mlikuwa watoto, waulizeni kaka zenu. Nchi giza. Mgao wa umeme asubuhi na jioni, Mtera imekauka, Serikali inatafuta maelezo. Maelezo yakapatikana: ng'ombe. Wafugaji wa Ihefu ndio wamekausha mto, ndio wamezima taa Dar es Salaam. Ikaja operesheni. Wasukuma, Wabarbaig, Wamaasai, hata Wasangu waliokuwa na mifugo yao, wakaswagwa na mifugo kwa malaki kwenda Lindi, Kilwa na Rufiji. Wako waliofilisika kwa faini, wako ambao ng'ombe wao walifia njiani. Kelele zikawa nyingi mpaka 2007 Rais Kikwete akaunda tume ya kuchunguza. Mifugo haikurudi. Na msisahau kwamba giza hilohilo, kwa jina la dharura hiyohiyo, ndilo lililozaa mkataba wa Richmond ambao Februari 2008 ulimng'oa Waziri Mkuu. Kwa mfugaji giza lile lilikuwa hukumu. Kwa wenzetu wa mjini lilikuwa tenda.

Mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa, ikameza lililokuwa Pori la Akiba la Usangu pamoja na Ihefu, ikawa kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Ng'ombe hakuna, mipaka mipya, askari wapo. Mto ukakauka tena. Ukakauka mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 2022 ikawa zamu ya wakulima: vijiji vizima na vitongoji Mbarali vikatangaziwa kuondoka kwa sababu viko ndani ya mipaka ile ya 2008, wakulima wakakimbilia mahakamani. Kulikuwa na mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, REGROW, wa kukuza utalii Nyanda za Juu Kusini. Malalamiko ya wananchi wa huku yakafika Washington, Aprili 2024 benki ikasimamisha fedha, na kabla mwaka huo haujaisha mradi ukafutwa. Mwanakijiji wa Mbarali alisikilizwa Washington kabla ya kusikilizwa Dodoma. Tafakarini hilo.

Kinachouma zaidi ni kwamba majibu yalikuwapo zamani. Mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, ulifanya kazi Usangu hadi 2002. Ukafuatiwa na RIPARWIN, uliowahusisha watafiti wetu wa SUA pale Morogoro. Hawa hawakukaa ofisini. Walipima mito, walipima mifereji. Walichokikuta ni kwamba kukauka kwa Ruaha kiangazi kunatokana hasa na maji yanayochepushwa kuingia mifereji ya umwagiliaji kiangazi, si kwato za ng'ombe. Na kwa umeme je? Mtera inajazwa na mafuriko ya masika, siyo vijito vya Septemba. Uchambuzi wa mgao wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulinyoosha kidole kwenye namna mabwawa yenyewe yalivyokuwa yakiendeshwa. Mengi ya hayo yalishaandikwa kabla ya 2006. Yalikuwa kabatini wakati mfugaji anaswagwa.

Sasa twende kwenye banio, maana hapa ndipo penye ufundi wenyewe, na ukishalielewa banio hakuna waziri atakayekudanganya tena.

Banio la asili la Usangu lilijengwa kwa miti, majani, mawe na viroba vya udongo. Lilikuwa bovu? Ndiyo, lilivuja. Masika likija gharika linabebwa, wakulima wanarudi na mapanga kulijenga upya, kazi ya siku nyingi, ya kuchosha. Lakini ule ubovu ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mradi: lilivuja. Maji yaliyopita katikati ya miti yale yalikuwa ya jirani wa chini, ya Ihefu, ya kiboko. Banio liligawa maji bila kikao.

Halafu ikaja "kuboresha". Kati ya 1996 na 2004 kulikuwa na mradi mkubwa wa Benki ya Dunia kwenye mabonde ya Rufiji na Pangani, na moja ya kazi zake lilikuwa kuwajengea wakulima wadogo mabanio ya kisasa. Ukuta wa zege kutoka ukingo hadi ukingo, lango la chuma, mfereji mkuu. Banio kama hilo masika ni zuri kweli, haliondoki na gharika. Lakini kiangazi, mto ukiwa mwembamba kama kamba, ukuta ule unaweza kuukamata wote. Wote! Wa juu kaboreshewa, wa chini kakaushiwa, na taarifa ya mradi inaandika "ufanisi umeongezeka". Profesa Bruce Lankford, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Usangu, aliliandika jambo hili kitambo sana, mwaka 2004. Miaka zaidi ya 20 baadaye sisi bado tunakata utepe wa mabanio yaleyale.

Juu ya zege pakawekwa karatasi, yaani kibali cha maji. Kibali kinaandika lita kwa sekunde, namba moja iliyoganda. Fanya hesabu ya darasa la nne. Tuseme Februari mto una lita 2,000 kwa sekunde na banio la juu lina kibali cha lita 400. Hakuna tatizo, wote mnakula. Oktoba mto umebaki na lita 350. Kibali bado kinasema 400. Mwenye banio akichukua mto mzima hajavunja chochote, ana karatasi na ada kalipa. Tena kwa kuwa kalipa, anaona ni haki yake. Anayebaki na mchanga ni wa chini, ambaye naye kalipa. Kibali cha haki kingesema fungu, kwamba wewe chukua moja ya tano ya kilichopo leo, kiwe kingi au kidogo. Fungu linapungua mto unapopungua, kwa wote. Si elimu ya roketi hii. Mama anayegawa ugali nyumbani anagawa hivyo.

Wale watafiti walikuwa na mchezo wao wa kuwafundishia watu hili. Ubao mrefu umeinamishwa, umechongwa mto na mifereji. Gololi ni maji. Vijiti ni mabanio. Wakulima wenyewe wa Usangu walikaa kuuzunguka. Gololi zinaachiwa kutoka juu, kila mmoja anaweka kijiti chake avune za kwake. Wa juu wanajaza mpaka zinamwagika, wa chini wanabaki wanaangaliana. Ndipo wanaanza kuongea: tukitoa kijiti hiki, tukifungua zamu hii, itakuwaje? Nusu saa ya gololi inafundisha siasa ya maji kuliko hotuba zote za Nanenane. Natamani ubao ule upelekwe Kamati ya Bunge, na wabunge wa Mbeya na Iringa wawekwe kiti cha chini kabisa.

Mimi nalima mpunga ekari mbili za kukodi, mwisho wa mfereji. Skimu siitaji. Mwisho wa mfereji ni mahali ambapo ada ya maji inafika kabla ya maji. Msimu mmoja mpunga wangu ulikuwa umeanza kuchanua, wakati ambao jaruba likikauka umeshapoteza, ukapita wiki mbili mfereji ni tope. Huku juu watu wanapanua vitalu. Nikaenda kwa viongozi, nikaambiwa "zamu yenu inakuja". Iliporudi, mpunga ulikuwa umeshatoa mapepe. Vijana tulio mwisho wa mfereji ni wengi, kwa sababu ardhi ya juu ilishagawanywa kabla hatujazaliwa, sisi tunakodi kinachobaki. Kwa hiyo mtu akiniambia "vijana nendeni mkalime, acheni kulalamika ajira", namuuliza: mfereji gani, na upande upi wa mfereji?

Kuna jambo jingine dogo ambalo likielezwa watu wanacheka, halafu wananyamaza. Mifereji mingi inaachwa wazi kiangazi, mpunga umeshavunwa, mashamba ni mabua matupu. Kwa nini haifungwi? Kwa sababu vijiji vimejengwa pembeni ya mfereji, na maji ya mfereji ndiyo ya kunywa, ya kufulia, ya kufyatulia matofali, ya bustani. Yaani unachukua mto mzima unausafirisha kilomita kadhaa kwenye udongo unaonyonya na jua linalochoma, ili kaya zipate ndoo kadhaa. Wale watafiti waliliona hili pia. Dawa yake ni kisima na bomba. Kijiji kikipata maji safi ya kisima, banio linaweza kufungwa kuanzia Julai mpaka mvua zianze, na Ihefu ikapata chake. Kisima hakina utepe mrefu, najua. Lakini ukiniuliza ni mradi gani wa umwagiliaji unaohitajika zaidi Usangu, nitakujibu: maji ya kunywa.

Sasa hivi kuna fasheni mpya ya kusema suluhisho ni teknolojia. Sakafia mifereji, weka matone, weka pampu za sola. Vyote vizuri, sivipingi. Lakini mwaka 2017 FAO ilitoa ripoti iliyopitia mifano ya nchi nyingi kavu ikiuliza kama teknolojia ya kisasa ya umwagiliaji inaokoa maji kweli, na jibu lake halikuwa tamu: mara nyingi, pasipo ukomo wa matumizi, haiokoi. Sababu ni rahisi. Maji mengi "yanayopotea" kwenye mfereji wa udongo hayapotei. Yanazama ardhini, yanatokea jaruba la chini, yanarudi mtoni. Ukisakafia, umemnyang'anya yule aliyekuwa akiishi kwa uvujaji ule. Na maji "uliyookoa" juu hayaachwi mtoni hata siku moja, yanafungua ekari mpya hukohuko juu. Kuweka matone bila kuweka ukomo ni kumnunulia mlevi glasi ndogo na kumwachia chupa.

Wala ukomo si jambo la kuletewa na wazungu. Wapare wa Same walichimba ndiva, vibwawa vya mlimani vinavyokusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe kwa zamu, na kila mtu alijua siku yake. Wachagga wana mifongo yao, ina wazee wake na siku zake za kazi ya pamoja. Usipokuja kuchimba, hunyweshi. Wasonjo kule Ngorongoro wana baraza la wazee linalogawa maji kwa saa. Mambo haya yalikuwapo kabla ya chama chochote cha siasa. Wala si kwamba yalikuwa ya haki kwa kila mtu, wanawake na wageni mara nyingi walikuwa mwisho wa foleni. Lakini hakuna mzee wa ndiva aliyewahi kusimama akasema maji yatamtosha kila mtu, hasa mwaka wa ukame.

Na sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, imeweka mpangilio ulio wazi: kwanza maji ya nyumbani, pili akiba ya mazingira ili mto usife, halafu ndiyo matumizi mengine. Imeanzisha bodi za mabonde, ipo ya Rufiji. Imetambua jumuiya za watumia maji. Kwenye karatasi tuko vizuri. Uwandani, bodi inatakiwa kusimamia bonde kubwa kuliko nchi nyingi na watumishi wanaohesabika, wakati tume ya umwagiliaji inashindanishwa kwa hekta. Mmoja anapimwa kwa maji yanayobaki mtoni, hana gari. Mwingine anapimwa kwa maji anayoyatoa mtoni, ana makatapila. Nani atashinda hapo? Ukiwa na mfumo huo huhitaji mfugaji wala mtu yeyote mbaya, mto utakauka tu.

Hesabu zenyewe za hekta ni kichekesho. Watafiti walionyesha kwamba eneo linalomwagiliwa Usangu linapanda na kushuka na mvua: mwaka mzuri lilikuwa likifika hekta 40,000 hivi, mwaka mbaya karibu nusu yake. Mto ndio unaoamua. Lakini sisi tunaandika hekta kwenye ilani kama vile ni vigae, ukishapanga havipungui. Tumekuwa na Siasa ni Kilimo pale Iringa 1972, tukaja na Kilimo Kwanza 2009, tukaja na Matokeo Makubwa Sasa na skimu zake za mpunga. Majina yanabadilika, banio ni lilelile.

Nataka nini basi? La kwanza ni daftari. Vibali vyote vya maji vya bonde vibandikwe hadharani, kila ofisi ya kata: jina la mwenye kibali, mto, lita, mwezi. Wakulima wadogo, mashamba makubwa yaliyokuwa ya NAFCO pale Mbarali na Kapunga, waheshimiwa wenye mashamba ya pembeni, wote. Sisemi kuna mwizi. Nasema tuone. Mtu asiye na la kuficha hataumwa na karatasi ukutani. Pili, vibali vya lita vigeuzwe kuwa mafungu, na mabanio ya zege yajengewe upenyo usiofungika, wa kupitisha fungu la wa chini hata mwenye ufunguo akilala. Tatu, visima kwanza, halafu malango yafungwe kiangazi, kwa mpangilio huo na siyo kinyume chake. Ukifunga lango kabla hujachimba kisima utakuwa umewaadhibu akina mama. Na mpaka hayo yafanyike, hakuna banio jipya juu ya Ihefu. Hata moja. Hata likiwa jimboni kwetu.

Hapo najua nimewaudhi wengi. Wapo makamanda watakaonipigia usiku huu: "Unatuharibia, sisi kwenye jukwaa tunaahidi skimu kila kata." Ndiyo maana nimeandika. Kumshinda CCM kwa kuahidi zege zaidi kuliko la CCM ni kushindana kuchimba shimo. Tukichukua halmashauri kesho tutakuta mto uleule, na lita zilezile 350 za Oktoba. Mwingine atasema natetea viboko kuliko watu. Hapana. Aliyebaki na mchanga mwisho wa mfereji ni mtu, aliyeswagwa hadi Kilwa ni mtu, aliyetangaziwa kuhama kijijini ni mtu. Kiboko amekufa tu kwenye foleni hiyohiyo.

Kwa vijana wa Mbarali, Iringa Vijijini, Chamwino, Kilosa, wote mlio kwenye maji haya: vitalu vitaanza kumwagiwa maji karibuni, na kabla ya hapo jumuiya nyingi zinaitisha mikutano ya wanachama. Nendeni. Msiende na bendera, nendeni na daftari na kalamu. Muulizeni mwenyekiti mbele ya watu: banio letu lina kibali cha lita ngapi kwa sekunde, na leo asubuhi zimepita ngapi? Anaweza kuwa hana kibali, anaweza kuwa nacho lakini hana kipimo. Vyovyote atakavyojibu, ombeni liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, mpige picha ukurasa huo, mnitumie. Nikipata kutoka mabanio 10 tu nitaziweka hapa zote kwa pamoja, kuanzia la juu hadi la chini, tuone gololi zinaishia wapi.